Mkwara wa Karata ya Mwisho Unamfukuza Nani?

Mwaka 2003, katika kasino ya Binion's Horseshoe mjini Las Vegas, mhasibu kutoka Tennessee aitwaye Chris Moneymaker alisukuma chipu zake zote katikati ya meza akiwa hana hata jozi. Karata tano za mezani zilikuwa tisa, sita na nane za shupaza, mbili ya uru na tatu ya kopa. Mkononi alishika mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Flashi aliyoingojea haikuja, na mfululizo nao haukuja. Sammy Farha, mpinzani wake, alikuwa na jozi ya tisa, jozi ya juu kabisa kwa karata zilizokuwa pale. Akafikiri, akasita, akatupa. Moneymaker akatoka na ubingwa wa dunia, na watu wengi walioanza kucheza poka baada ya hapo walibaki na imani kwamba mkwara ni kazi ya mwenye kifua.

Hamishia mkono ule ule kwenye holdemu ya limiti uone. Moneymaker hawezi kusukuma chipu zote. Sheria inamruhusu dau moja tu, la kiasi kilichopangwa kabla karata hazijagawiwa, na Farha analilipa huku akiendelea na hadithi zake. Kwenye limiti humtishi mtu kwa wingi wa pesa. Andy Beal, tajiri wa benki kutoka Dallas, alilielewa hilo vizuri. Kati ya 2001 na 2006 alikwenda Las Vegas mara kadhaa kucheza limiti dhidi ya kundi la magwiji waliochangiana mtaji, na kwa kuwa dau lenyewe halikuzi, akadai kiwango cha meza kikuzwe hadi dola 100,000 na 200,000 kwa dau, ili kila kulipa kuume. Ni dawa ya mwenye benki. Sisi wengine tunabaki na dau dogo lisilomuuma mtu, na swali la kujiuliza karata ya tano, ile wanayoiita riva, inapofunguliwa: huyu aliye mbele yangu ana mkono gani ambao hawezi kuulipia hata dau moja?

Nitakuambia mapema ninachoamini. Mkwara wa riva kwenye limiti kwa kawaida haumfukuzi mwenye jozi. Unamfukuza mtu aliyekosa kama ulivyokosa wewe, ila karata zake tupu ni kubwa kuliko zako tupu. Ukilishika hilo, mikwara mingi unayoitamani utaiacha, na michache ambayo ulikuwa huioni utaanza kuiona.

Tuanze na bei. Chukua meza ya dola 10 na 20: kabla ya karata za mezani, na baada ya tatu za kwanza kufunguliwa, dau ni dola 10, kwenye karata ya nne na ya tano ni dola 20. Kuna madau mawili ya lazima, dola 5 na dola 10. Wewe umekaa kwenye dau kubwa la lazima. Mchezaji wa mwisho kwenye mzunguko anapandisha hadi 20, mwenye dau dogo anatupa, wewe unalipia. Chungu kina dola 45. Karata tatu zinafunguliwa, unagonga meza, yaani unapita bila kuweka dau, anaweka 10, unalipia: 65. Karata ya nne, unagonga tena, anaweka 20, unalipia: 105. Riva inafunguliwa nawe huna kitu.

Ukiweka 20 unanunua chungu cha 105. Ukishindwa mara tano unapoteza dola 100, na ukifanikiwa mara moja tu unazirudisha na dola 5 juu. Kwa maneno mengine, mpinzani akitupa mara moja katika kila mara sita, umeshafaidi. Kwa asilimia, mpaka wenyewe ni 16. Watu wakiona hesabu hii kwa mara ya kwanza hushikwa na tamaa. Mara moja kati ya sita, nani atashindwa hapo?

Lakini mwenzako naye anahesabu. Akishaona dau lako, mbele yake kuna dola 125 naye anatakiwa kutoa 20. Akiwa sahihi mara moja katika kila mara saba hivi, amelipia kwa faida. Mtu mwenye jozi ya tatu, jozi ndogo isiyo na heshima yoyote, ana kila sababu ya kukulipia, na wachezaji wa limiti wanajua hivyo hata wale ambao hawajawahi kushika kalamu. Ndiyo maana nasema jozi haifukuziki. Bei iliyokuvutia wewe kupiga mkwara ndiyo inayomvuta yeye kulipia.

Wanaobaki ni wasio na jozi, na uamuzi wote umelala kwao. Kabla hujagusa chipu, orodhesha kichwani karata ambazo mtu huyu anaweza kuwa amefika nazo hapa. Zigawe mafungu matatu: zinazokushinda na zitalipa, zinazokushinda na zitatupwa, na zile ambazo wewe tayari unazishinda. Mkwara hula kutoka fungu la kati peke yake. Fungu la kati likiwa tupu, au likiwa na karata chache kuliko sehemu moja ya sita ya zote, gonga meza na usione haya.

Mfano. Mezani kuna tisa na nane za kopa na tatu ya pau, kisha mbili ya shupaza, na riva inaleta mbili ya uru, karata isiyomsaidia mtu. Umeshika jeki na kumi za pau. Ulingoja mfululizo, umekosa. Una jeki tu. Kila aliyekosa akiwa na malkia, mfalme au ree anakushinda, na baadhi yao watatupa. Fungu la kati limejaa. Kwenye meza hiyo hiyo, badala ya jeki na kumi, weka mkononi ree na tano za kopa. Ulingoja flashi, umekosa vilevile, na mkono unawasha uleule. Lakini sasa ree yako inamshinda karibu kila mtu asiye na jozi. Ukiweka dau, waliokosa watatupa karata ambazo ulikuwa umeshazishinda bure, na wenye jozi watalipa. Fungu la kati limebaki na ree chache zenye mwenza mkubwa kuliko tisa. Hapo gonga meza, na mwenzako akiweka dau lake, fikiria kulipia, maana yeye naye anaweza kuwa ndiye anayepiga mkwara.

Mikono miwili iliyokosa, mmoja wa kupigia mkwara, mwingine wa kufungulia. John von Neumann aliliona hilo kwenye hesabu zake za poka, zilizomo katika kitabu alichoandika na Oskar Morgenstern mwaka 1944: katika mchezo wake mdogo wa kubuni, mkwara hupigwa kwa mikono mibovu kabisa, na ile ya wastani hupitishwa kimya ijaribu bahati yake karata zikifunguliwa. Wachezaji wengi hufanya kinyume. Jeki tupu wanaionea aibu na kuitupa, halafu wanapiga mkwara na ree, kwa sababu ree inawapa ujasiri.

Nafasi ya kushinda bila kuweka dau ina bei yake, na lazima uitoe kwenye hesabu. Tuseme mkono wako, ukigonga meza na mwenzako naye akagonga, unashinda mara moja katika kila mara kumi. Kwenye chungu cha 105 hiyo ni dola 10 na nusu unazozipata bila kuhatarisha chochote. Mkwara sasa hautakiwi tu kutoleta hasara, unatakiwa kuzizidi hizo. Ile asilimia 16 inapanda hadi zaidi ya 24, karibu robo. Kutoka mara moja katika sita hadi mara moja katika nne, kwa sababu ya mkono ambao ulidhani hauna thamani! Sijui kosa jingine dogo linalokula pesa nyingi hivi kimya kimya.

Kuna jambo ambalo huwapita hata wazoefu. Rudi kwenye meza ile yenye kopa mbili, tisa na nane. Safari hii tuseme wewe ndiye uliyeweka dau kuanzia mwanzo, na mpinzani amekuwa akilipia tu. Mtu anayelipia namna hiyo ama ana jozi ya wastani, ama anangoja kitu, na kitu chenyewe mara nyingi ni flashi. Kama huna kopa hata moja mkononi, kopa usizoziona ni 11, na namna za kushika mbili kati ya hizo ni 55. Kama wewe mwenyewe umeshika kopa mbili, zimebaki tisa, na namna zimeshuka hadi 36. Kwa hiyo mwenye kopa mbili zilizokosa ndiye anayepaswa kusita zaidi, kwa kuwa amezishika karata zile zile alizotamani mpinzani awe nazo ili atupe. Mkwara mzuri ni wa yule aliyekosa mfululizo bila kopa. Aliyezoea kuhesabu turufu zilizokwisha kutoka kwenye arubastini hili halitamsumbua. Tatizo ni kwamba tukiwa na karata zetu zilizokosa tunaona hasara yetu tu, na kusahau kwamba karata tuliyo nayo mtu mwingine hana.

Riva gani basi ni ya kupigia mkwara? Utasikia ushauri kwamba usubiri karata ya kutisha: kopa ya tatu, ree, karata inayounganisha mfululizo. Kwenye meza isiyo na kikomo cha dau, kama ile ya Moneymaker, ushauri huo una maana. Kwenye limiti mimi naupokea nusu. Kama mpinzani amekuwa akilipia akingoja flashi, kopa ya tatu ndiyo karata mbaya kuliko zote kwako, maana waliokosa wamegeuka wenye flashi. Riva nzuri kwako ni ile karata kavu, mbili ya uru iliyoanguka bila kumgusa mtu, kwa kuwa wale wa namna 55 wote sasa wamekaa na karata tupu. Hapo endelea kuweka dau ulivyoweka mwanzo. Wenye jozi watalipa, watalipa tu, usiwachukie.

Karata ya kutisha inafaa pale wewe ndiwe uliyekuwa ukilipia na yeye akiweka. Kwenye mfano wetu wa kwanza, riva ikiwa tano ya kopa badala ya mbili ya uru, ukaweka dau ghafla baada ya kugonga mara mbili, hadithi yako inaeleweka: alikuwa anangoja kopa, kopa imekuja. Aliyepandisha mwanzoni akiwa na ree na malkia bila jozi atatupa kwa moyo mweupe, na siku nyingine hata mwenye jozi ya tatu atafikiri mara mbili. Lakini angalia kwamba hata hapa anayetupa kirahisi ni asiye na jozi. Hofu ya karata imemwongezea sababu, haikubadilisha mkono wake.

Hadithi yenyewe isiwe na tundu. Jiulize: kama kweli ningekuwa na flashi, ningecheza hivi? Kama kwa flashi wewe hugonga meza ukamngoja aweke ili umpandishie, basi dau lako la ghafla linasema kwamba huna flashi, na mtu aliyekaa nawe saa tatu ameshaliona. Mkwara na mkono mzito vivae nguo moja.

Sasa mpinzani mwenyewe. Mezani kuna watu wa kila namna, lakini kwa uamuzi huu nakuomba uchunguze kitu kimoja tu: mkono mbovu kuliko wote ambao mtu huyu amewahi kulipia kwenye riva mbele ya macho yako. Karata zikifunguliwa wengi huangalia nani kashinda, kisha hurudi kwenye simu. Wewe mwangalie aliyeshindwa. Kama alilipia na ree tupu mara moja, mwondoe kwenye orodha ya wanaopigiwa mkwara, hata kama ni mtu wa heshima anayevaa miwani na kufikiri dakika nzima. Kama umeona anatupa riva mara tatu baada ya kulipia karata ya nne, huyo ndiye. Sura, mikono inayotetemeka, kuvuta pumzi, hayo waachie watengeneza filamu, angalau mpaka umalize kujua ni nani analipa na nini.

Yuko pia mtu aliyetoka kupoteza chungu kikubwa sasa hivi. Huyo hatupi kitu. Na yuko aliyekuja na marafiki zake, wanacheza kwa kiwango kidogo ili wafurahi, na furaha yenyewe ni kukufumania. Meza ya namna hiyo haina mkwara wa riva kabisa, na wala si meza mbaya: ngoja jozi nzuri uweke dau, watakulipa vizuri kuliko mkwara wowote. Nachukulia pia kwamba pesa uliyo nayo mezani ni ya mchezo. Mwenye kodi ya nyumba ndani ya chipu zake hawezi kuhesabu mara moja katika sita kwa utulivu. Ataiona ile moja kila mahali.

Wapinzani wakiwa wawili, acha. Mmoja mmoja akitupa mara nne katika kumi, wote wawili kwa pamoja watatupa mara 16 katika 100, na hiyo ni kama kila mmoja anaamua bila kumtazama mwenzake. Chungu kitakuwa kimekua kidogo, ni kweli, ila mmoja wao karibu siku zote ana jozi. Wakiwa watatu usihesabu hata.

Kupandisha kwa mkwara, yaani yeye ameweka 20 na wewe unaweka 40 bila kitu, ni mchezo wa wachache. Chungu cha 105 kimekuwa 125, na kwa 40 unahitaji atupe zaidi ya mara 24 katika 100. Yeye akirudishiwa zamu anatakiwa kuongeza 20 tu ili apate 165. Nani ataweka dau kwenye riva kisha akatupa kwa bei hiyo? Yule aliyekuwa anapiga mkwara mwenyewe, basi. Na kama unamshuku hivyo, na mkono wako unaweza kushinda karata tupu, kulipia 20 kunatosha. Kupandisha kuna maana pale tu unaposhuku mkwara wake na wakati huohuo karata zako ni mbovu hata kuliko mkwara huo. Hutokea, lakini usiku mzima unaweza kupita bila kutokea.

Utapiga mkwara mara ngapi, basi? Mwaka 1950 Harold Kuhn alitunga poka ya karata tatu tu, jeki, malkia na mfalme, watu wawili, kila mmoja ameweka shilingi moja na dau ni shilingi moja. Mchezaji wa pili, wa kwanza akigonga, huweka dau kila akiwa na mfalme, na akiwa na jeki huweka mara moja katika tatu. Akipunguza hapo, mfalme wake halipwi. Akizidisha, jeki wake hulipiwa kila mara. Katika chungu chetu cha 105 uwiano huo unatoka karibu mkwara mmoja kwa kila madau sita ya kweli. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu waliyoiita Cepheus, iliyokaribia kabisa kuumaliza mchezo huu wa limiti kwa watu wawili, nayo hupiga mikwara yake kwa uwiano wa namna hiyo bila kumjua aliye mbele yake wala kujali jana ilikuwaje.

Sikushauri umwige Cepheus. Uwiano wake ni kinga ya mtu asiyemjua mpinzani, na wewe umekaa naye jioni nzima. Asiyetupa, mpigie mikwara sifuri. Anayetupa ovyo, mpigie hata miwili kwa kila madau sita mpaka ashtuke. Uwiano uweke akilini kama pa kurudia unapokaa na mgeni, au na mchezaji mzuri anayekusoma kama unavyomsoma.

Na ukifumaniwa? Utafumaniwa, maana hata mkwara sahihi wa chungu kile unaweza kufeli mara tano kati ya sita na bado ukalipa. Fungua karata zako bila maneno, usieleze ulichofikiri, usitupe utani wa kujitetea. Kwa muda fulani baada ya hapo meza nzima itakuwa inakuona mwongo, na mwongo hulipwa. Zile jozi ambazo juzi uligonga nazo meza kwenye riva kwa kuhofia hakuna mbaya zaidi atakayelipia, jozi ya pili, jozi ya juu yenye mwenza mdogo, sasa ziwekee dau. Watakaolipia na ree tupu wataongezeka, na kila mmoja wao analeta dola 20.